Uinue Mkono, Ukipenda

Kiswahili cha yoga hakikuwepo Mkomani, ikabidi tukitengeneze. Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa yangu peke yangu na malipo yalikuwa shilingi 500 kwa kipindi, pesa mkononi, na chai juu yake. Mwalimu alikuwa wa kutoka Nairobi na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuulizia bei ya nyanya. Wanafunzi wake walikuwa wanawake wa mtaa, na Kiingereza wao hukisikia kwa watalii wanaopita chini ya madirisha yao. Mtu akamwambia mwalimu kwamba kuna binti amerudi kutoka chuo, anaandika andika kwenye mtandao, hana kazi ya maana. Nikaitwa.

Kama hujawahi kufika Lamu, mji wa kale una pande mbili kubwa, Mkomani kaskazini na Langoni kusini. Kwetu ndiko kwenye majumba makongwe ya mawe ya matumbawe, yale yenye zidaka ukutani na daka mlangoni, na vichochoro ambavyo ukikutana na punda mwenye mzigo ni wewe unayejibana. UNESCO iliutia mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Yoga nayo si kitu kigeni kisiwani. Tamasha la Yoga la Lamu lilianza 2014, mwanzilishi wake Monika Fauth wa Banana House kule Shela, na tangu hapo tumezoea kuona watu wamebeba mikeka ya plastiki iliyokunjwa kama mapipa ya bunduki. Lakini ilikuwa yoga ya Shela. Sisi wa Mkomani tuliitazama tunavyotazama mashua za watalii jioni, kwamba ni nzuri, na si zetu.

Kwa hivyo mwalimu aliposema anataka kufundisha wanawake wa mtaa, bure, Alhamisi saa kumi baada ya swala ya alasiri, juu darini kwa mama mmoja aliyekubali kutoa nafasi, watu walidhani kuna mradi nyuma yake. Hakukuwa na mradi. Alikuwa amechoka tu na Nairobi, akakodi chumba kwa msimu mmoja.

Alikuja na karatasi. Maneno yote ya yoga aliyafasiriwa na programu ya simu, akayachapisha, akanipa niyasome kwa sauti. Niliipitia usiku kucha na kalamu nyekundu.

La kwanza nililolikata lilikuwa mbwa. Ule mkao maarufu, mikono na miguu chini, makalio juu, wenyewe wanauita mbwa anayetazama chini. Jamani. Huu ni mji wa paka na punda. Mbwa kwetu ni najisi, na hakuna mwanamke atakayetoka kwenye msala, akapanda ngazi, halafu aambiwe awe mbwa. Niliwaachia wenyewe wautafutie jina. Mmoja akainua kichwa akatazama makuti yaliyotufunika, akasema, "Si hili hili paa?" Ukawa paa mpaka leo.

La pili lilikuwa "jisalimishe". Watu wa yoga wanalo neno lao la Kiingereza la kuuachia mwili mzigo wake, na programu ikalitafsiri kijeshi. Nilikuwa darasa la saba mwaka 2014, Juni, walipouawa makumi ya watu Mpeketoni na vijiji vya jirani. Mwezi uliofuata kaunti nzima ikawekewa kafyu ya usiku. Kujisalimisha lilikuwa neno la redioni, neno la watu wenye bunduki. Huwezi kumlaza mama wa hapa kwenye mkeka, umfumbishe macho, kisha umwambie ajisalimishe. Nililibadilisha kuwa "legeza". Kusema kweli ni neno dogo kuliko lile walilokusudia. Lakini mtu anajua la kufanya nalo. Unalegeza kamba, unalegeza buibui, unalegeza taya.

La tatu nililiacha makusudi, maana nilitaka kusikia watasema nini. Mwisho wa kipindi mnalala chali, mikono pembeni, bila kufanya chochote. Jina lake la Kisanskriti linatokana na neno la maiti, na karatasi ikasema "mkao wa maiti". Miongoni mwa wanawake wetu kumi na mmoja, mmoja kazi yake ni kuosha maiti. Bi mkubwa, mpole, mcheshi, akiingia chumbani watu wanajisogeza kidogo bila kujijua. Nikaeleza. Wengine wakaguna astaghfirullah. Yeye akasema, "Mwanangu, maiti mimi simwambii alale. Maiti hulazwa. Anayelala mwenyewe yu hai."

Tukauita mlalo. Mwalimu akaniuliza kwa nini wote wanacheka, na ilinichukua dakika tano nzima kumweleza tofauti ya kulala na kulazwa, kwamba herufi chache katikati ya kitenzi ndizo zinazosema ni nani mwenye mwili.

Nilirudi Mkomani nikiwa mwaka wa tatu, semista ya kwanza. Sikufukuzwa wala sikufeli. Nilikuwa silali. Saa tisa za usiku moyo ungeanza kukimbia kama nimepanda ghorofa kumi, mikono inakufa ganzi, na mawazo yanayonijia sitayaandika hapa moja moja. Chuo kilikuwa na ofisi ya ushauri nasaha, foleni ndefu, na fomu ya kujaza kabla hujamwona mtu. Fomu iliuliza kama umewahi kufikiria kujidhuru, ndiyo au hapana. Mwenzangu wa chumba alikuwa anasomea sheria, kwa hivyo nilikijua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na adhabu yake ingeweza kufika miaka miwili jela. Kufikiria si kujaribu, najua. Lakini hebu jaza fomu hiyo, yenye jina lako na namba yako ya usajili juu, ukiwa hujalala siku nne. Niliweka tiki kwenye hapana kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeweka, na hapo ndipo kichekesho chenyewe kilipo.

Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Niliisoma habari hiyo nimekaa barazani kwetu, nikaisoma tena. Watu wanasubiri niseme najuta kuacha chuo. Nimewaambia waendelee kusubiri.

Nyumbani hakuna aliyenionea, ila hakukuwa na lugha. Ukisema "afya ya akili" hapa, mtu anasikia akili tu, anaogopa umekuwa mwendawazimu. Tunayo maneno mengine, wasiwasi, dhiki, moyo mzito, roho imechoka, lakini ni ya kunong'ona, na kila moja lina dawa yake ya haraka: soma Qur'ani, kula vizuri, olewa. Halafu kuna salamu zetu. Mama yangu alinijulia hali kila asubuhi bila kukosa, "Waamkaje?", nami nikajibu "salama" bila kukosa. Hujambo, sijambo. Lifungue hilo neno uone: sina jambo. Yaani adabu yetu inaanza kwa kukana kabla hujaulizwa chochote. Mimi naipenda adabu hiyo, sitaki iondoke, inabeba watu wengi siku nyingi. Ila mtu mwenye jambo anapita wapi?

Kwenye mkeka maswali yalikuwa mengine. Mwalimu hakuwa anauliza u hali gani. Aliuliza nyayo zako zinahisi nini, baridi au joto? Uzito uko zaidi mguu gani? Pumzi inaishia kifuani au inafika tumboni? Nilikuwa nayatafsiri tu, kibarua, nimesimama pembeni na daftari. Siku moja nikajikuta nimejibu kwa sauti: "Baridi." Wakageuka wote. Lilikuwa swali la kwanza kwa miezi mingi ambalo nililijibu kweli bila kupima kwanza jibu hilo litamfanya nini aliyeuliza. Kipindi kilichofuata nilikuja na mkeka wangu, nikawa natafsiri nikiwa nimeinama.

Kuna watu wamelifikiria jambo hili kwa kina kuliko sisi wa darini. David Emerson, kule Marekani, alitengeneza yoga ya watu wenye kiwewe, na sehemu kubwa ya kazi yake ni namna ya kusema. Mwalimu hatoi amri, anakaribisha. Anasema ukitaka, ukiwa tayari, au baki ulivyo. Wala hamgusi mtu. Mwaka 2014 Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wanawake 64 waliokuwa na kiwewe cha muda mrefu ambao matibabu ya awali hayakuwa yamewatosha. Nusu walifanya yoga hiyo kwa wiki 10, nusu walihudhuria mafunzo ya afya ya wanawake. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa huo. Kwenye kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Ni utafiti mmoja, mdogo, na haukuyatenga maneno na mikao, kwa hivyo sitakuuzia kwamba maneno ndiyo yaliyoponya. Ninachojua ni kwamba nilipousoma nilienda moja kwa moja kwenye sarufi.

Manake Kiswahili tunacho hicho kitu tayari, kimo ndani ya kitenzi. "Inua mkono" ni amri. "Uinue mkono" ni ombi. "Tuinue" ni sote. "Ukiinua" ni kama utapenda, na usipopenda hakuna aliyekosewa. Ongeza u mwanzoni, ubadilishe irabu ya mwisho, mlango unafunguka. Mwalimu kwa Kiingereza ilibidi aongeze maneno sita kuifanya amri iwe mwaliko, mimi niliongeza herufi moja. Pwani tunalelewa hivyo hata hivyo, mtoto hamwambii mtu mzima "njoo" tupu. Nikaacha kabisa kutumia amri. Uvute pumzi. Uiachie polepole. Goti likikataa, tuliache lilipo. Wale wanawake waliolizoea kila siku neno la "fanya", "lete", "nyamaza", niliona mabega yao yanashuka kabla hata ya mkao kuanza. Huenda niliona nilichotaka kuona. Lakini niliona.

Kauri zilikuja wiki ya tano hivi. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kumsogelea mtu akamsukuma kidogo mgongo au nyonga, na mama mmoja, mdogo kwa umri, kila akisogelewa anaganda. Hakusema kitu. Huku kumwambia mwalimu usiniguse ni kama kumvunjia heshima. Mwalimu aliona mwenyewe, na hapo nampa sifa zake zote. Alhamisi iliyofuata alileta kikapu cha kauri alizookota ufukweni. Ukiweka kauri kichwani mwa mkeka, huguswi. Usipoweka, unaulizwa kwanza. Hakuna anayeuliza kwa nini umeweka.

Yule mama aliweka yake kila wiki. Mwezi wa pili, tukinywa chai, mtu akamtania: "Wewe na kauri yako, itakuotea mizizi." Akacheka na sisi. Kisha akasema, sauti ile ile, kikombe mkononi, "Nyumbani hakuna kauri."

Hapakuwa na aliyejua la kujibu. Mwosha maiti akamjazia chai. Hiyo ndiyo ilikuwa jibu la siku hiyo, na baadaye kidogo wakaondoka pamoja, wakaongea kichochoroni mpaka adhana ya magharibi. Walichoongea ni chao. Miezi miwili baadaye yule mama alihamia kwa dada yake, Langoni, na watoto. Sisemi yoga ilimhamisha. Nasema kuna sentensi tatu alizozitamka kwetu ambazo hakuwa na pa kuzitamkia.

Dini? Najua ulikuwa unasubiri. Ilikuja, tena kwa mlango wa nyumbani kwangu. Ami yangu alinisimamisha barazani akataka kujua kama tunaabudu huko juu. Swali lake lilikuwa la haki. Baraza la Fatwa la Malesia lilitangaza mwaka 2008 kwamba yoga ni haramu kwa Waislamu, likitaja hasa mchanganyiko wa mikao, nyimbo na imani za Kihindu. Saudia nayo mwaka 2017 ikaitambua kama shughuli ya michezo. Wanazuoni hawajakubaliana, sembuse mimi niliyeacha chuo. Nilimweleza tunachofanya. Hakuna kuimba kwa Kisanskriti, hakuna kukunja mikono kusalimu kitu, tunaanza kwa bismillahi ya kila mtu na nafsi yake, na adhana ikilia tunanyamaza. Akasema, "Basi ni mazoezi." Nikasema kuna mazoezi na kuna maongezi. Akasema maongezi ndiyo ya kuogopa. Sijui kama alitania. Wawili waliacha kuja baada ya minong'ono kuzidi, na tuliwaacha kwa salama, tunasalimiana vizuri tu.

Kilichonishangaza ni pumzi. Mwalimu alitaka waitoe taratibu, hesabu ndefu kuliko ya kuvuta, akaeleza kwamba moyo huongeza mwendo kidogo ukivuta na hupunguza ukiachia, kwa hivyo ukirefusha kuachia unaupa moyo nafasi ya kutulia. Akina mama wakatazamana. "Hii ya kasida," mmoja akasema, na akaghani ubeti mzima kwa pumzi moja, pale pale, na wengine wakampokea. Wameifanya tangu utotoni kila Maulidi. Baadaye nilikuta kwamba Luciano Bernardi na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2001 kuhusu sala ya rozari kwa Kilatini na mantra za yoga. Vyote viwili vilishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na midundo ya moyo ikafuata. Kasida hawakuipima. Waje Lamu. Tangu siku hiyo tuliacha kuhesabu moja mbili tatu, tunatumia kuvumisha sauti tu, bila maneno, mdomo umefungwa, na dari zima linatetema kidogo.

Nilimwonyesha mwalimu pia kitu kwenye kamusi. Pumua, pumzi, pumzika, yote tumbo moja. Kwa Kiarabu nafas ni pumzi, na sisi tuna nafasi, tuna nafsi. Alikiandika kwenye simu yake kama mtu aliyeokota pesa.

Usinielewe vibaya lakini. Mimi nameza dawa. Mwezi wa tatu wa darasa nilienda kliniki, nikamwambia daktari yote niliyoikatalia ile fomu, na niliweza kuyasema kwa mpangilio, kuanzia mwilini: mikono inakufa ganzi, pumzi inaishia hapa, usiku saa fulani. Daktari aliandika haraka sana. Mikao peke yake isingenifikisha asubuhi baadhi ya siku, na yeyote anayekuambia uache dawa ushike mkeka, mwepuke. Kilichofanywa na dari lile ni kunizoesha kujibu. Mama bado ananiuliza waamkaje, na siku nyingi bado ni salama, salama ya kweli. Siku nyingine namwambia, "Kifua kimenibana leo." Mara ya kwanza alishtuka akakimbilia uvumba. Sasa anasema, "Kaa hapa basi," anaendelea kuchambua mchele.

Mwalimu aliondoka msimu ulipokwisha, akaacha kikapu cha kauri na karatasi yake yenye wino mwekundu. Wanawake walikataa darasa life. Mimi si mwalimu, sina cheti cha kitu chochote duniani, kwa hivyo tunafanya yale mepesi tu, yasiyoweza kumvunja mtu kiuno, na kila wiki mmoja anaongoza kwa maneno yake. Mkao wa kujisokota tumeuita kukamua nguo. Ule wa kusimama mguu mmoja una majina mawili na ugomvi bado unaendelea, kuna wanaosema mnazi na kuna wanaosema korongo, na kikundi cha WhatsApp kimejaa sauti za watu wazima wakibishana kuhusu ndege.

Alhamisi iliyopita aliongoza mwosha maiti. Tulikuwa tisa na kauri zilikuwa nne, moja yangu. Alipofika kwenye mlalo alisema, "Na sasa tulale, anayetaka. Asiyetaka akae, atutazamie."

Wawili walikaa.